Kampuni ya Simu Inapoulizwa Uko Wapi

Tarehe 9 Aprili 2025 mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu, alikamatwa mjini Mbinga baada ya kuhutubia mkutano wa hadhara. Kesho yake alikuwa Dar es Salaam, katika Mahakama ya Kisutu, akisomewa shitaka la uhaini. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya kesi hiyo, na leo sina nia ya kuyarudia. Nataka kuchukua jambo moja tu la siku ile. Polisi hawakuhitaji kumwuliza mtu yeyote Lissu yuko wapi. Alikuwa mbele ya umati. Waliokwenda kumkamata walionekana, na watu wa Mbinga, ukiwauliza, wanaweza kukusimulia walichokiona kwa macho yao.

Sasa linganisheni na mambo ya mwaka 2017. Alasiri ya tarehe 7 Septemba mwaka huo, Lissu akiwa mbunge wa Singida Mashariki, alimiminiwa risasi nje ya makazi yake mjini Dodoma. Kumi na sita zilimpata. Alikimbizwa Nairobi usiku huo huo, baadaye akapelekwa Ubelgiji, na ni kazi ya madaktari na rehema ya Mungu kwamba yu hai. Sijasikia mpaka leo mtu aliyepandishwa kizimbani kwa risasi zile.

Miaka saba ikapita. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza likaandika habari iliyotoka katika baraza la migogoro ya kazi mjini London. Mlalamikaji alikuwa mpelelezi wa ndani wa kampuni ya Millicom, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa mmiliki wa mtandao wa Tigo hapa nchini. Alidai aliachishwa kazi kwa sababu alihoji jambo moja lililomsumbua. Jambo lenyewe ni hili: kwamba Tigo ilikuwa ikiwapa watu wa serikali kumbukumbu za simu za Lissu pamoja na mahali alipo, usiku na mchana, tangu angalau tarehe 22 Agosti 2017. Hesabuni wenyewe. Kutoka tarehe 22 Agosti mpaka tarehe 7 Septemba ni siku kumi na sita. Kampuni ilikana kwamba hiyo ndiyo sababu ya kumwondoa kazini.

Sisemi kwamba aliyepokea taarifa zile ndiye aliyefyatua bunduki. Hilo sina ushahidi nalo, na asiye na ushahidi anyamaze. Haki pia inataka niseme kwamba Millicom iliuza mtandao huo mwaka 2022 kwa kundi linaloongozwa na kampuni ya Axian ya Madagascar, na tangu mwishoni mwa 2024 mtandao umebadilishwa jina na kuitwa Yas. Wamiliki wa leo siyo wale wa 2017. Lakini swali halikuuzwa pamoja na minara. Mfanyabiashara aliyekabidhiwa siri za mteja wake, mwenye nguvu akija kuziomba, afanye nini?

Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Simu yako ndiyo mtungi, na kata ni kampuni. Wengi wetu tunadhani kampuni inajua habari zetu pale tu tunapopiga simu au kutuma pesa. Sivyo. Simu ikiwa imewashwa, hata kama imelala mfukoni, kila mara inajitambulisha kwa mnara ulio karibu ili ikipigiwa ijulikane pa kutafutwa. Bila hivyo isingeita. Ukitoka Mbinga mjini asubuhi na basi la Mbamba Bay, ukapanda na kushuka milima ya Umatengo mpaka ziwa likaonekana chini yako, simu yako inahama kutoka mnara hadi mnara, na mitambo inajua. Huku milimani minara ni michache, kwa hiyo kinachojulikana ni eneo pana, labda kijiji kizima au viwili. Mjini minara imesongamana, na eneo linakuwa dogo zaidi. Kampuni haikuanza kuyajua haya kwa nia mbaya. Ndivyo simu ya mkononi inavyofanya kazi. Ubaya unaanza pale kumbukumbu hizo zinapotoka nje.

Hapo Liuli, kusini mwa Lituhi katika pwani hiyo hiyo ya ziwa, kulitokea kisa ambacho kila nikikumbuka suala hili hunijia. Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Waingereza upande wa pili wa ziwa walikwisha kupata habari kwa waya kwamba vita imeanza Ulaya, na nahodha wao, Rhoades, alijua meli ya mwenzake iko wapi na ina hali gani. Nahodha Mjerumani hakuwa na habari ya vita. Wawili hao walikuwa wakifahamiana vizuri. Mwingereza akaja na meli yake, akapiga mzinga, na mwenzake akatoka akiwa amekasirika kuuliza kuna wazimu gani. Vita ya majini ya ziwa ikaishia hapo kwa wakati huo. Mmoja anajua mwenzake alipo, na yule wa pili hajui hata kwamba anatafutwa. Huhitaji kuwa mwanajeshi kuona nani ameshinda kabla ya mzinga wa kwanza.

Baadhi yenu mtasema, haya ni ya wanasiasa wakubwa, mkulima wa kahawa wa Litembo yanamhusu nini? Nitawaambia. Tangu Mei 2019 laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Namba yako sasa ni kidole chako. Mfanyabiashara wa usipa anayenunua Mbamba Bay na kuuza Songea, pesa yake inapita katika simu. Anayemdai, anayemkopesha, mganga anayempigia usiku mtoto akiugua, mwanamke au mwanamume anayezungumza naye kwa siri, yote yana tarehe na saa katika mitambo ya kampuni. Zamani ungelazimika kumfuata mtu mwaka mzima kwa miguu kuyajua hayo.

Fikirieni mfano huu, ambao ni wa kubuni lakini hakuna mtu wa Mbinga atakayeuona wa ajabu. Kijana mmoja, mwanachama wa chama cha msingi, anaona mizani ya kahawa ina hila. Kilo za baba yake zinapungua kati ya nyumbani na ghalani. Anaandika katika mtandao, kwa jina la bandia, kwamba fulani wa chama anaiba. Kiongozi aliyetajwa anakwenda kituo cha polisi kulalamika. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mkuu wa kituo anayepeleleza kosa anaweza kutoa amri kwa yeyote mwenye taarifa kwamba azitoe. Hakimu hahitajiki kwanza. Saini ya mkuu wa kituo inatosha. Na katika mji mdogo, ndugu wasikilizaji, mkuu wa kituo na mwenyekiti wa chama wanakunywa chai meza moja. Siwalaumu kwa chai hiyo. Ninachouliza ni nani atakayesimama kati yao na yule kijana.

Anayepaswa kusimama ni mwenye taarifa, yaani kampuni. Tuna Mtanzania mmoja aliyejaribu, na yaliyompata yanajulikana. Maxence Melo na mwenzake Mike William walianzisha mtandao wa JamiiForums mwaka 2006. Humo watu walijadili Richmond na mengine mengi kwa majina ya bandia, na wapo wakubwa ambao hawakulala usingizi. Polisi walipotaka majina halisi ya walioandika tuhuma dhidi ya kampuni fulani za biashara, JamiiForums hawakuyatoa. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga kifungu kinachompa mkuu wa kituo mamlaka hayo, na mwaka 2017 mahakama haikukubaliana nao. Desemba 2016 Melo alikamatwa, na yeye na William wakafunguliwa mashauri, yakiwamo ya kuzuia upelelezi. Shauri moja walishinda Juni 2018. Katika jingine, Aprili 2020, William aliachiwa lakini Melo alitiwa hatiani na kuamriwa alipe faini ya shilingi milioni 3 au aende jela mwaka mmoja.

Basi wekeni mambo hayo mawili pamoja. Wapo walioshika majina ya watu wasiyatoe: miaka zaidi ya mitatu ya kupanda na kushuka ngazi za Kisutu, na faini juu yake. Na ipo kampuni ambayo, kwa madai yaliyofikishwa mbele ya baraza la London, ilitoa kila kitu kimya kimya: ikaendelea na biashara yake miaka mingine mitano, ikauza, ikaondoka. Siku moja kijana mwingine atafungua kampuni ya mtandao hapa nchini, na akitaka ushauri ataangalia mifano hii miwili. Ataona wazi njia ipi ni nafuu.

Kampuni nazo zina maneno yao, na ni haki tuyasikilize. Zinasema: sisi tunafuata sheria za nchi tunamofanyia kazi, leseni inatolewa na serikali, na serikali inaweza kuifuta, tuna wafanyakazi ambao wanaweza kuwekwa ndani. Yote ni kweli. Karani wa zamu usiku, mwenye mke na watoto Tabata, akipigiwa simu na mtu mwenye cheo, utamtaka afanye ushujaa gani? Tena polisi wana haja ya kweli na taarifa hizi. Mzee wa Kitura akiuza kahawa yake ya msimu mzima, akapigiwa na tapeli, pesa yote ikahama kwa dakika moja, mzee huyo anataka polisi wapate kumbukumbu za simu leo hii, asingoje mahakama mpaka mwezi ujao. Mtoto akitekwa ni hivyo hivyo. Anayesema taarifa zisitolewe kamwe hajaibiwa.

Lakini hoja ya "tunafuata sheria" ina kipimo chake, nacho ni karatasi. Sheria huacha alama. Aliyeomba ana jina, ana cheo, ana namba ya jalada la kosa linalopelelezwa, ana tarehe, ana saini. Mzee wa Kitura ana jalada: alikwenda kituoni akaeleza, ikaandikwa. Je, Agosti 2017 lilikuwapo jalada gani la kufuatilia nyendo za mbunge usiku na mchana? Kosa gani lililokuwa likipelelezwa? Kama karatasi ipo, ionyeshwe. Kama haipo, maneno ya kufuata sheria hayana kazi hapo. Hata sheria ile ya 2015, pamoja na ukali wake wote, inazungumzia amri kwa ajili ya upelelezi wa kosa. Haizungumzii mtu kunong'onezwa.

Wala tusidhani maombi haya ni machache. Juni 2014 kampuni ya Vodafone ya Uingereza, yenye hisa katika Vodacom, ilichapisha taarifa ya nchi 29 ikieleza serikali ziliomba nini kwake katika mwaka mmoja. Kwa Tanzania, maombi ya kumbukumbu za mawasiliano yalikuwa 98,765. Kampuni moja, mwaka mmoja. Ukigawa kwa siku 365 unapata maombi 270 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Sina shaka mengi yalikuwa ya wezi na matapeli. Lakini nani aliyepitia hata mia moja kati ya hayo kuona kama yalikuwa halali? Hata hivyo naipongeza Vodafone kwa kutaja namba hiyo, maana iliyotaja tunaijua na zilizonyamaza hatuzijui. Namba peke yake ilitosha kutufanya tuulize.

Wenzetu wengine wamepita njia hii na kuumia. Mwaka 2004 mwandishi wa habari wa China, Shi Tao, alituma nje ya nchi kwa barua pepe maelekezo ya serikali kwa vyombo vya habari kuhusu kumbukumbu ya Tiananmen. Barua ilikuwa ya Yahoo. Serikali iliuliza, Yahoo ikatoa, na mwaka 2005 mtu huyo akafungwa miaka kumi. Mwaka 2007 wakubwa wa Yahoo waliitwa mbele ya Bunge la Marekani, na mkuu wao, Jerry Yang, akainamisha kichwa mbele ya mama wa mfungwa kuomba radhi. Shi Tao alitoka 2013. Kampuni kubwa kiasi kile nayo ilikuwa imesema kwamba ilifuata sheria za nchi. Na jirani zetu Kenya, Oktoba 2024, gazeti la Nation liliandika kwamba polisi walikuwa wakipata taarifa za wateja wa Safaricom kwa njia zisizo wazi. Safaricom ilikanusha. Wakenya hata hivyo hawajaacha kuuliza, kwa sababu mwaka huo walikuwa wamekwisha kuona vijana wao wakichukuliwa mitaani na watu wasiovaa sare.

Wapo watakaoniambia kwamba hata enzi za chama kimoja barua zilifunguliwa. Sibishi. Lakini enzi zile posta na simu vilikuwa vya serikali yenyewe, chini ya shirika moja mpaka lilipogawanywa mwaka 1994. Uliyekuwa ukimpa barua yako ndiye huyo huyo uliyemwogopa, na ulijua hivyo, kwa hiyo ya siri ulimpa mtu akupelekee kwa mkono. Ndugu zetu wa Mbamba Bay walimkabidhi abiria wa MV Songea bahasha, naye akaifikisha Itungi ikiwa imefungwa kama alivyoipokea. Abiria huyo hakuwa na leseni wala tangazo la biashara redioni. Kampuni ya simu ya leo imekuja kwetu na matangazo, ikasema niamini, ikachukua pesa yetu kila siku, mia tano, elfu moja, elfu mbili. Mtu anayelipwa kubeba bahasha ana deni kubwa zaidi kuliko yule aliyeibeba bure.

Nami sizitaki kampuni zipigane na serikali. Nazitaka mambo matatu ambayo hayahitaji ushujaa. Zikatae ombi la mdomo, hata likitoka kwa mkubwa, na karani wa usiku apewe maandishi na kampuni yake kwamba hana ruhusa ya kujibu simu kama hiyo. Hapo atakuwa na pa kujificha. Zitangaze kila mwaka zimeombwa mara ngapi na zimekataa mara ngapi. Na mteja aambiwe, hata kama ni baada ya upelelezi kwisha, kwamba taarifa zake zilitolewa. La nne si la kampuni, ni la Bunge: mamlaka ya mkuu wa kituo yahamie kwa hakimu, isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini saa ile ile. Hakimu wa Mbinga naye anakunywa chai, najua, lakini kazi yake ni kuandika sababu, na sababu iliyoandikwa inaweza kukatiwa rufaa.

Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Imeacha mlango kwa mambo ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, na mlango huo ni mpana kuliko ninavyopenda. Lakini inampa mwananchi haki ya kumwuliza anayetunza taarifa zake ana nini juu yake na amempa nani. Sijaona watu wengi wakiitumia. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja: jina lako, namba yako ya simu, na swali kwamba tangu tarehe fulani taarifa za laini yangu amepewa nani na kwa amri ya nani. Ukiituma, baki na nakala, na jibu likija, au lisipokuja, niandikie hapa redioni.